Waliopita Chini ya Mifuko

Siku ya tatu tangu ghala liungue, fundi cherehani alifika tena kabla chumba hakijafagiliwa. Aliketi kwenye benchi la mbao lililotazamana na meza ya Mia Tatu, akapakata mkoba wake, akamwangalia. Hakuwa na maneno mengi. Alisema tu, "Nimekuja, kaka," kana kwamba walikuwa wamepatana.

Mia Tatu alikuwa mtazama kamera wa ghala lile la sabuni ya unga. Kazi yake ilikuwa kukaa katika chumba kidogo kando ya lango, kutazama video ya watu wanaoingia na kutoka, na kuhakikisha kuwa kompyuta imewahesabu sawasawa. Kamera ya langoni ilikuwa kuukuu, na vumbi la sabuni lilikuwa limeganda kwenye kioo chake kama mtoto wa jicho. Mtu akipita chini yake hakuonekana mtu, alionekana doa lililovaa shati. Lakini programu ilikuwa imefundishwa kutafuta nyuso katika madoa ya namna hiyo. Ilipoona vivuli viwili vya macho juu na kivuli cha mdomo chini, ilichora kisanduku cha njano, ikaongeza moja kwenye hesabu, na jioni hesabu ikaenda makao makuu.

Hesabu ya Jumatatu, siku ya moto, ilikuwa watu hamsini na wanane. Waliotoka wakikohoa na kukusanyika barabarani walikuwa hamsini na mmoja. Miili iliyotolewa ilikuwa saba. Hesabu ilikaa kama kifuniko kwenye sufuria yake, na kwa sababu ilikaa, waokoaji walikunja mipira yao ya maji wakaondoka. Chumba cha nyuma cha kufungashia, ambako paa lote lilikuwa limelala chini, hakikuguswa. Hakukuwa na mtu wa kutafutwa humo. Tingatinga lilikuwa limeagizwa kuja Alhamisi saa tatu asubuhi kusawazisha kila kitu.

Fundi alikuwa na neno moja tu dhidi ya hesabu hiyo. Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alitoka nyumbani Jumatatu alfajiri kwenda kufungasha sabuni katika ghala hili, na hakurudi. Hakuwa miongoni mwa hamsini na mmoja. Hakuwa miongoni mwa saba. Fundi alikwenda chumba cha maiti akawatazama wote, mmoja mmoja. Msimamizi wa lango alimjibu kwamba msichana wa sura hiyo hajapata kuajiriwa hapa, na akamshauri aulize kwa marafiki zake wa kiume. Jumanne Mia Tatu aliiweka picha ya msichana kando ya kioo cha kompyuta akapitia visanduku vya njano vyote hamsini na vinane, fundi akiwa amesimama nyuma ya bega lake. Hakuna kilichofanana naye.

Leo, Jumatano, fundi alifungua mkoba akatoa kitu cha duara, cha vitambaa vilivyoshonwa tabaka juu ya tabaka, akakiweka mezani. Ilikuwa ngata ya kujitwikia mzigo. Alisema hii ni ya pili. Ya kwanza mdogo wake alikwenda nayo.

Akaeleza kwa sauti ya mtu anayesoma vipimo. Wiki tatu zilizopita mdogo wake alianza kurudi nyumbani akilalamika utosi unauma, na nywele zake zina unga wa sabuni. Fundi alimuuliza ilikuwaje mfungashaji wa sabuni abebe mzigo kichwani. Alijibiwa kwamba asubuhi hakuna kuingia bila mfuko, ndiyo amri. Basi akamshonea ngata, na alipoona inafaa akaanza kushona nyingine.

"Mtu ambaye hajapata kuingia hapa," fundi alisema, "utosi ulimuumaje?"

Mia Tatu jibu alikuwa nalo, na alikuwa nalo tangu Jumatatu.

Jina lake la utani lilitokana na jambo hilo hilo. Miaka miwili nyuma, programu ilipowekwa kwa mara ya kwanza, ilikuwa na macho ya uchu. Kila mfuko wa sabuni ulikuwa na picha ya mwanamke anayecheka, meno yote nje. Wapagazi walipopita na mifuko kichwani, kompyuta ilimchorea kila mwanamke wa mfuko kisanduku chake. Jioni ile taarifa iliyokwenda makao makuu ilisema wameingia watu mia tatu na kumi na wawili, katika ghala ambalo kibali chake hakikuruhusu zaidi ya sitini. Meneja alipiga simu kuuliza kama kuna harusi. Kesho yake kila aliyepita dirishani alimuuliza Bibi Sabuni ameamkaje, na kama mshahara utatosha kuwavisha wote wale. Wapagazi wakamwita Mia Tatu, na jina likamkaa mwilini.

Sasa huyu alikuwa mtu aliyejipatia ujuzi kwa jasho lake, kwa kusoma vitabu vya maelekezo kamusi ikiwa pembeni, baada ya miaka mingi ya kuwa mfagiaji. Kuchekwa kwa kosa la kazi kulimchoma kuliko tusi. Alishinda Jumapili nzima katika chumba kile akiirekebisha programu. Aliiamuru isihesabu uso wowote wenye upana usiofika nukta ishirini na nne za picha, wala wowote unaogusana na mfuko. Wapagazi wanne walioajiriwa waliingia mapema mikono mitupu, wakahesabiwa, ndipo wakaanza kubeba. Kwa hiyo kama hawakuonekana wakiwa na mizigo hakuna kilichopotea. Jumatatu iliyofuata hesabu ilitoka hamsini na nne, sawa na kadi za wafanyakazi walioingia. Alijisikia kama mtu aliyemfundisha bubu kusema.

Aliyecheka kuliko wote siku zile alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye ndiye msimamizi wa lango na ndiye aliyemtoa kwenye ufagio akamweka kwenye kiti. Na ndiye aliyeelewa haraka kuliko wote. Siku moja aliegemea dirishani akauliza kimzaha kama ni kweli mtu akijitwika mfuko kompyuta haimwoni. Mia Tatu, kwa ile fahari ya fundi anayesifiwa kazi yake, alimweleza kila kitu, mpaka idadi ya nukta.

Haukupita mwezi vibarua wakaanza kuingia asubuhi kila mmoja na mfuko kichwani. Ni utaratibu mpya, shemeji alisema, mkono usiingie mtupu. Jioni hawakutoka kwa lango. Waliachiwa mlango wa nyuma, unaotokea uchochoroni, ambako hakuna kamera. Mia Tatu aliwaona kwa macho yake kupitia dirisha. Alijitia hamnazo. Hakuulizwa, naye hakusema, na hesabu yake ilibaki safi kama sahani ya mgeni.

Basi asubuhi ile ya Jumatano, ngata ikiwa mezani mbele yake, aliinama akafungua mpangilio wa programu. Aliondoa amri ya mfuko. Akairudisha video ya Jumatatu hadi saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, akaisimamisha.

Katika kioo kulikuwa na lango, na chini ya lango mfuko mweupe wenye tabasamu, na chini ya mfuko giza dogo. Ndani ya giza hilo, ukisogeza macho, palikuwa na weupe kidogo wa upana wa nukta nane. Hakuchorewa kisanduku chochote. Kwa programu pale hapakuwa na kitu.

Alikwenda kumwita mkaguzi. Mkaguzi wa majanga alikuwa mama mmoja mwembamba, mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba shingoni, aliyepewa ofisi ya meneja iliyonusurika na moto. Alikuja, akavaa miwani, akatazama kwa muda wa kutosha. Hakuwa mtu mbaya. Alisema anachokiona ni doa. Taarifa yake ina sehemu ya mtu, na katika sehemu hiyo anatakiwa abandike uso na aandike saa.

"Mheshimiwa, huyu ni mtu," Mia Tatu alisema.

"Mfuko una uso kuliko yeye," mkaguzi alijibu. "Nikipeleka hili watanicheka, kama walivyokucheka wewe. Nionyeshe uso, nitaandika mtu. Kesho saa mbili nitakuwa hapa kutia saini."

Alipotoka, fundi alisogeza benchi karibu na kioo. Aliliangalia lile doa bila kupepesa. Kisha akamuuliza Mia Tatu yeye anaona nini pale.

"Naona mtu kajitwika."

"Umejuaje, na mwenzako kaona doa?"

Mia Tatu alijikuna shingo. Palikuwa na uongo mwingi mzuri karibu naye, lakini ulikuwa mzito kuuinua. "Kwa sababu huwa nawaona," alisema. "Dirishani. Kila asubuhi."

Fundi hakupaza sauti. Alirudia maneno yale mawili, kila asubuhi, kama anayejaribu uzi kwa meno. Mia Tatu alitamani kutukanwa. Lakini fundi alizungumza habari za kazi. Alisema mteja akiwa mbali na gauni linataka kujaribiwa, humvika mtu mwingine wa kimo chake, akajua litakaaje. Kamera bado ipo juu ya lango? Ipo. Umeme wa upande huu upo? Upo. Basi apite yeye hapo chini na mfuko kichwani, saa ile ile, jua likiwa pale pale, waone uso wa mtu anayejulikana kuwa ni mtu unatokaje. Wakishajua unavyotoka, warudi Jumatatu wautafute.

Mia Tatu alimwangalia huyu mwanamke ambaye hakujua chochote cha kompyuta, na aliona haya. Ilikuwa njia sahihi. Katika vitabu vyake vyote hakuifikiria.

Jioni, kabla jua halijazama, shemeji alikuwa amemtangulia nyumbani. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Mia Tatu, viatu amevua, kama desturi yake. Watoto walikuwa wakimzunguka, naye, mjomba wao, akiwatania. Mke wa Mia Tatu aliwaondoa watoto, akaleta chai, akabaki amesimama mlangoni.

Shemeji alianza kwa utani. Alisema amesikia Bibi Sabuni anataka kuzaa tena. Hakuna aliyecheka. Ndipo akaiweka chini chai yake. Alieleza kwamba yeye hakuwatia moto watu, waya ndio ulioshika moto. Vibarua wale walimwomba kazi wakilia, na kibali cha watu sitini kilikuwa karatasi tu, makao makuu wenyewe walitaka mzigo utoke. Tena hana hakika nani aliingia Jumatatu na nani hakuingia. Watu hawa huja na kupotea. Kesho saa tatu uwanja utasafishwa, na kila mtu ataanza upya.

Mia Tatu alimuuliza mlango wa nyuma ulikuwaje siku ile.

Shemeji aliwatazama wote wawili, dada yake na mume wa dada yake. Jumamosi mifuko minane ilikuwa imepotea kwa mlango ule, alisema. Akautia kufuli Jumatatu asubuhi. Alikuwa anasubiri jioni aufungue.

"Na ufunguo?"

Shemeji aligusa mfuko wa suruali, bila kukusudia, kisha akauondoa mkono haraka kama aliyeungua.

"Ukizitoa nyuso hizo unanifunga, shemeji," alisema sasa kwa sauti ya chini. "Nami sitafungwa peke yangu. Watauliza nani aliyeiambia kompyuta isiwaone. Nilikuokota na ufagio mkononi. Usinilipe hivi."

Alipoondoka, Mia Tatu alimgeukia mkewe. Alitarajia amwombee kaka yake. Ndugu hao walikuwa wawili tu waliobaki kwao. Mkewe alikusanya vikombe. Alisema hajui kompyuta, hajui kibali, ila anajua kwamba kaka yake alikula chakula hapa Jumatatu jioni, akaomba kuongezewa, na ufunguo ule akiwa nao mfukoni. "Mimi ni dada yake," alisema, "na nitampelekea chakula huko atakakowekwa. Lakini wewe fanya kazi yako." Kisha akaingia ndani, na Mia Tatu akamsikia akilia kwa namna ya mtu anayejiziba mdomo kwa nguo.

Alhamisi saa moja kasoro walikuwa langoni. Fundi alikuja amevaa gauni la kazini, ngata yake mkononi. Mkaguzi alikuja mapema, si kwa imani bali kwa sababu alikuwa mtu wa kuwahi. Mbele ya lango lori la mizigo lilikuwa bado limeegeshwa tangu Jumatatu, na mifuko iliyobaki ndani yake haikuwa imeshushwa. Nyuma ya ukuta mweusi, upande wa pili, dereva wa tingatinga alikuwa tayari ameketi kitini, na shemeji alikuwa anazungumza naye, akimwonyesha saa ya mkononi.

Fundi alijitwika mfuko akapita. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Polepole, kisha haraka, kisha akiwa amegeuza shingo. Chumbani, Mia Tatu alirudisha programu kama ilivyokuwa siku ya moto, akamwita mkaguzi atazame. Lango, mfuko, tabasamu, giza dogo. Namba pembeni ilisoma sifuri.

Mkaguzi alisema huenda mama huyu ni mfupi mno. Alivua miwani, akaiacha ining'inie, akatoka nje bila kusema anakwenda wapi. Mia Tatu alimwona dirishani akiongea na fundi, kisha akikunja mikono ya koti. Fundi alimwekea ngata, akamsaidia kujitwika. Mkaguzi alipita langoni akiyumba, shingo imekakamaa, mkono mmoja juu. Alipoutua mfuko alikuwa na unga mweupe kwenye nyusi. Alirudi chumbani akihema.

"Nipo wapi?" aliuliza.

Mia Tatu alimwonyesha kwa ncha ya kalamu. Nukta nane. Weupe kidogo, vivuli viwili, kivuli kimoja.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe, mheshimiwa."

"Na hesabu imesemaje?"

Alisogea ili asome mwenyewe. Bado ilikuwa sifuri.

Mkaguzi hakupangusa nyusi. Alivuta kiti akaketi, na kwa mara ya kwanza akalivua koti lake. Akasema, "Tafuta wanaofanana na mimi."

Mia Tatu aliondoa amri ya mfuko, akashusha kipimo kutoka nukta ishirini na nne hadi nane, akaiachia programu video ya Jumatatu. Visanduku vya njano vilimwagika kama siafu. Ilichora uso kwenye bomba la maji, kwenye tairi la lori, kwenye bawaba ya lango, na mara mia kadhaa kwenye meno ya Bibi Sabuni. Hapo ndipo kazi ya mtu ilipoanza. Alikwenda picha kwa picha, akifuta. Hili bomba. Hii tairi. Huyu wa mfuko. Na huyu, chini ya mfuko, nukta nane, vivuli vitatu, sawasawa na mkaguzi alivyotoka, huyu abaki. Mkaguzi aliandika saa na dakika. Fundi alikuwa amesimama nyuma yao, na pumzi yake ilisikika.

Ilibidi watofautishe vibarua na wapagazi, kwa kuwa nyuso ndogo kiasi kile hazina jina. Lakini mpagazi huingia na mzigo akatoka mikono mitupu kuchukua mwingine. Basi walihesabu safari. Kati ya saa moja na saa mbili mifuko iliingia mara thelathini na tisa. Waliotoka mikono mitupu walikuwa ishirini na wanane. Na wapagazi wote wanne walikuwa nje kwenye lori saa moja, na saa mbili walikuwa nje tena.

Mkaguzi alitoa hesabu hiyo pembeni ya karatasi, akaitoa tena. Kumi na mmoja.

Alikuja mwanamke mmoja kumtafuta mtu mmoja. Hawa kumi wengine walikuwa watu wa kutoka mbali, wa vyumba vya kupanga, ambao kwao nyumbani bado walidhaniwa wako kazini.

Ilikuwa katika picha ya saa moja na dakika thelathini na sita fundi aliposema, "Ngoja." Mfuko wa huyu ulikaa juu zaidi ya mingine, kwa sababu kati ya mfuko na kichwa palikuwa na kitu kinene cha duara. Aliomba video iachiwe itembee. Doa lilipita chini ya lango, bega moja limetangulia, hatua fupi fupi zenye haraka. Fundi alisema mdogo wake alitembea vile tangu utoto, kama mtu aliyeudhika anayekwenda kushtaki. Aliomba arudishiwe. Mia Tatu alimrudishia mara nne. Hakulia. Aliunyoosha mkono, akaugusa ule weupe kwenye kioo kwa kidole kimoja, na kidole kiliufunika wote.

Mngurumo wa tingatinga ulianza saa mbili na nusu, nusu saa kabla ya wakati uliopangwa. Mkaguzi alinyanyuka na karatasi mkononi, koti akaliacha, akakimbia kuzunguka ukuta. Mia Tatu na fundi walimfuata. Ndoo ya chuma ilikuwa tayari imeuma kona ya chumba cha nyuma na kuinua bati. Shemeji alisimama mbele ya mkaguzi akianza kueleza, kwa tabasamu la mtu aliyezoea kusikilizwa, kwamba huko ndani hakuna mtu na hesabu ipo. Mkaguzi alimpita bila kumtazama, akasimama mbele ya minyororo ya tingatinga akiwa na unga wa sabuni usoni, akainua karatasi juu hadi dereva akazima injini.

"Wapo kumi na mmoja," alisema. "Kuanzia sasa ni mikono tu."

Waokoaji walirudi saa nne. Walitoa bati moja moja, boriti moja moja. Shemeji alikaa kwenye tofali akiwa kati ya askari wawili, akitazama viatu vyake. Saa tisa walifika kwenye mlango wa nyuma. Ulikuwa bado umesimama, na kufuli lilikuwa bado linaning'inia upande wa nje. Moto wenyewe ulikuwa haujafika pale. Ukuta wa ndani ulikuwa mweusi kwa moshi juu, lakini chini ulikuwa na rangi yake. Wote kumi na mmoja walikuwa hapo, wamesogeleana. Kulikuwa na ndoo ya maji iliyokauka, na ubao wa chini wa mlango ulikuwa umekwaruzwa hadi ukafanya tundu la kupitisha vidole.

Daktari aliyewapima alizungumza na ndugu mmoja aliyekuwapo, yaani fundi. Alimwambia wengi walikufa kwa moshi, Jumatatu hiyo hiyo, pengine ndani ya saa moja. Wengi, alisema. Hakusema wote. Fundi hakumuuliza zaidi.

Fundi alipotoka kumtambua mdogo wake, Mia Tatu alikuwa amesimama pembeni ya lango. Alikuwa ameandaa maneno tangu asubuhi, maneno mazuri, ya mtu aliyesoma. Yote yalimtoka kichwani.

"Ni yeye," fundi alisema. Akaikunja ngata akaitia mkobani. "Kaka, Jumanne nilisimama nyuma ya bega lako. Uliziangalia nyuso hamsini na nane pamoja nami, moja moja, na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea kipimo alichokitarajia, akaenda zake kutafuta gari la kumbebea marehemu wake.

Kituoni, jioni hiyo, ofisa aliyekuwa anaandika maelezo alitaka kujua mambo kwa mpangilio. Shemeji alikuwa amekwisha kusema kwamba yeye hajui kompyuta, alifuata taarifa zilizotoka chumba cha kamera. Ofisa aliuliza ni nani aliyeweka kipimo cha nukta ishirini na nne. Palikuwa na njia za kulijibu swali hilo kwa kuzunguka: kwamba programu ilikuja na makosa yake, kwamba meneja alitaka hesabu safi, kwamba kamera haijapata kusafishwa. Yote yalikuwa kweli.

"Niliweka mimi," Mia Tatu alisema. "Na niliona kinatumika kwa kazi gani."

Ofisa aliandika. Alimwambia akasubiri nje, ataitwa tena. Katika ukumbi mkewe alikuwa amekwisha kufika, ameshika chombo cha chakula kilichofungwa kwa kitambaa. Kilikuwa kimoja. Alimtazama mumewe, akautazama mlango wa mahabusu alikokuwa kaka yake, kisha akakiweka chombo juu ya benchi, akaketi, akaanza kukifungua ili agawe.